Kompyuta ya michezo haiboreshwi kwa pupa

Wahenga walinena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Sijui kama waliotunga msemo huo waliwahi kuota kwamba siku moja ungewafaa vijana wanaotaka kubadilisha viungo vya kompyuta ili wacheze michezo, lakini hapana shaka unawafaa sana. Kila shule zinapofungwa, wanafunzi kadhaa hunijia na orodha za vifaa walizonakili kutoka kwenye simu, na swali lao huwa moja: ni kadi gani ya michoro iliyo kali kuliko zote kwa pesa walizo nazo? Wengine hawaulizi hata hilo. Hufululiza hadi Luthuli Avenue jijini Nairobi, fedha za mzazi zikiwa mfukoni, wakarejea nyumbani na sanduku lenye picha ya joka linalotema moto.

Kwa maoni yangu, swali hilo limeanzia mkiani. Mtu anayetaka kuiboresha kompyuta yake hana budi kuuliza kwanza ni kiungo gani, miongoni mwa vile alivyo navyo, kinachowachelewesha wenzake. Asipolijua hilo, atanunua nguvu mahali ambapo haikupungua, na upungufu wake utabaki palepale. Msafara huenda kwa mwendo wa mpagazi aliye dhaifu. Kumwongezea chakula mpagazi aliye hodari hakumfikishi mtu mapema.

Najua wapo walimu wenzangu watakaokunja nyuso wakiona mada hii gazetini. Watasema kwamba mchezo wa kompyuta ni upotevu wa wakati, na kwamba dawa ya mwanafunzi anayetamani kadi ya michoro ni kumkemea. Nauheshimu wasiwasi wao, maana mtoto anayekesha akicheza hufika darasani akisinzia, na mimi pia nimewahi kuwaamsha wengi. Hata hivyo, kemeo halijapata kumfundisha mtu hesabu. Kijana huyo anayetaka kununua kadi tayari ana hamu ya kujua. Kilichomkosa ni utaratibu wa kufikiri. Kazi ya kumpa utaratibu huo ni yetu sisi walimu, na tukiikataa, itafanywa na muuza duka ambaye faida yake iko katika kile kilichobaki rafuni.

Hebu tutazame jinsi mashine yenyewe inavyofanya kazi. Mchezo wa kompyuta ni mfululizo wa picha zinazochorwa upya upesi mno, hata jicho likaziona kama mwendo mmoja. Mchezaji akitaka picha 60 kwa kila sekunde, basi kila picha imetengewa muda wa milisekunde 16.7 hivi. Akiridhika na picha 30, muda huo huwa milisekunde 33.3. Ndani ya kitambo hicho kifupi, prosesa, ambayo ndiyo bongo la kompyuta, huamua mpira umeelekea wapi, adui amesimama wapi na nani amegongana na nani. Ikimaliza, huipa kadi ya michoro maagizo, na kadi huanza kupaka rangi kila nukta ya skrini huku prosesa ikiandaa picha inayofuata. Kumbukumbu, ile iitwayo RAM, huweka karibu vitu vinavyohitajiwa sasa hivi; diski huhifadhi vile vya baadaye; na kisanduku cha umeme huwalisha wote.

Tuchukue mfano. Tuseme prosesa inahitaji milisekunde 25 kuandaa picha moja, ilhali kadi inahitaji milisekunde 12 tu kuichora. Mchezaji atapata picha 40 kwa sekunde, kwa kuwa 1,000 ukigawanya kwa 25 unapata 40. Sasa tuseme anauza mbuzi wa babake na kununua kadi ghali inayochora picha hiyo kwa milisekunde 6. Atapata picha ngapi? Atapata 40 zilezile. Kadi yake mpya itachora upesi kisha ikae ikisubiri maagizo, na yeye atashinda akimlaumu muuzaji. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuikamilisha hesabu hii ubaoni, lakini ni watu wazima wangapi wanaoifanya kabla ya kutoa pesa?

Jambo la kufurahisha ni kwamba kiungo dhaifu kinaweza kutambuliwa bila kutumia hata senti moja. Skrini ya kawaida yenye nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Mchezaji akiingia katika mipangilio ya mchezo na kuipunguza hadi 1280 kwa 720, nukta hubaki 921,600, yaani chini ya nusu. Mzigo wa kadi umepungua sana, lakini wa prosesa umebaki karibu uleule. Basi na aanzishe tena mchezo, mahali palepale, na kuhesabu picha kwa sekunde. Idadi ikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa ikielemewa. Ikibaki vilevile, lawama ni ya prosesa. Na ikiwa picha ni nyingi lakini mchezo unakwamakwama kila baada ya muda, aangalie kumbukumbu iliyojaa au diski ya kale inayozunguka. Hili ni jaribio la kisayansi kamili: kitu kimoja kimebadilishwa, vingine vimeachwa kama vilivyokuwa, na matokeo yamepimwa. Ni mafunzo yaleyale tunayotoa katika maabara ya fizikia, ila hapa mwanafunzi hatahimizwa kuyafanya.

Baada ya kipimo huja uchaguzi. Kompyuta nyingi zinazonunuliwa na vijana wetu ni zile zilizotumika katika ofisi za ng'ambo, zikaletwa hapa na kuuzwa kwa bei nafuu. Si mashine mbaya. Lakini zilijengwa kwa ajili ya barua na mahesabu, na zina mipaka ambayo mnunuzi anapaswa kuijua. Aghalabu huwa na kipande kimoja tu cha kumbukumbu, ingawa ubao mama una njia mbili za kuipitisha data. Kuongeza kipande cha pili kinacholingana na cha kwanza hufungua njia hiyo ya pili, na hatua hiyo husaidia hasa pale ambapo michoro inachorwa na prosesa yenyewe pasipo kadi. Pili, nyingi zingali na diski ya kuzunguka. Mchezo wa Starfield, uliotolewa Septemba 2023, uliorodhesha diski ya SSD kuwa sharti hata kwa mashine ya kiwango cha chini kabisa. Mwenye diski kuukuu akinunua kadi kwanza, amevaa koti jipya juu ya shati lililochanika.

Kisha kuna umeme. Kompyuta ya ofisi mara nyingi ina kisanduku cha umeme cha wati mia mbili na kitu, kisicho na waya wa ziada wa kulisha kadi ya michoro, na baadhi ya watengenezaji wakubwa hutumia plagi za aina yao wenyewe, hivi kwamba kisanduku cha dukani hakiingii. Nafasi ya kadi katika ubao mama hutoa wati 75 kwa kawaida, basi. Ndiyo maana kadi kama GTX 1650 ya mwaka 2019, au RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka Februari 2024, huwafaa wenye mashine hizo, kwa kuwa zipo aina zake zisizohitaji waya wowote. Hata hapo, mwenye kompyuta nyembamba lazima atafute kadi fupi iliyotengenezwa kwa ajili ya nafasi hiyo. Nimeona kijana akirudi dukani mara tatu kwa sababu hakuwa amechukua rula kupima nafasi iliyomo. Rula, ndugu msomaji! Chombo ambacho kila mwanafunzi anacho mkobani.

Kwa yule anayejenga mashine kubwa zaidi, hesabu ya umeme ni kujumlisha tu. Prosesa ya wati 65, kadi ya wati 115 kama RTX 4060, na wati 60 hivi za feni, diski na ubao, zote ni wati 240. Haifai kununua kisanduku cha wati 250 kwa kuwa hesabu imetosha. Kadi huruka juu ghafla kwa kitambo kifupi, na kisanduku kinachofanya kazi ukingoni huchoka na kupata joto. Wati 500 au 550 za mtengenezaji anayeaminika zitamtosha kwa miaka mingi. Nasema anayeaminika kwa makusudi, kwa maana namba iliyobandikwa kwenye kisanduku cha bei ya kutupa haithibitishi kitu. Hata alama ya 80 Plus, ambayo wengi huiona kuwa hirizi, inaeleza ni kiasi gani cha umeme hakipotei kuwa joto. Haielezi ikiwa kisanduku kitawakinga wenzake siku umeme utakapopanda ghafla. Na hapa petu, ambapo stima hupotea na kurudi kwa kishindo, kifaa cha kuzuia mawimbi ya umeme si anasa.

Mtego mwingine ni wa majina yanayofanana. Kumbukumbu ya DDR4 haiwezi kuingia katika ubao wa DDR5, wala ya DDR5 katika ubao wa DDR4. Hata pengo lililochongwa chini yake liko mahali tofauti. Prosesa za Intel za kizazi cha nane, zilizotoka Oktoba 2017, zilitumia soketi iliyoitwa LGA 1151, jina lilelile la soketi ya mwaka 2015, lakini zilihitaji ubao mpya. Aliyesoma jina akaacha maelezo alibaki na prosesa mkononi na mashine isiyowaka. Kwa upande mwingine, soketi ya AM4 ya AMD ilizipokea prosesa za Ryzen za mwaka 2017 na ikaendelea hadi Ryzen 7 5800X3D ya Aprili 2022. Mwenye ubao wa zamani wa aina hiyo anaweza kubadilisha prosesa peke yake, mradi mtengenezaji wa ubao ametoa BIOS mpya na yeye ameiweka kabla ya kuing'oa ile ya kale. Fedha alizookoa ni malipo ya kusoma.

Na kuna kadi ambayo ningependa kila mwalimu wa kompyuta aitaje darasani. Radeon RX 6500 XT ilitolewa Januari 2022 ikiwa na njia 4 tu za kuwasiliana na ubao, badala ya 16 au 8. Katika ubao mpya wa PCIe 4.0, njia hizo 4 zilifanya kazi yake. Katika ubao wa zamani wa PCIe 3.0, ambao kila njia yake ina kasi nusu, kadi hiyohiyo ilipoteza nguvu waziwazi katika baadhi ya michezo, hasa kumbukumbu yake ya gigabaiti 4 ilipojaa. Ajabu ni kwamba mwenye mashine ya zamani ndiye hasa anayevutiwa na kadi ya bei nafuu. Hapo utaona kwamba hakuna kadi nzuri wala mbaya yenyewe; kuna kadi inayopatana na mashine fulani na isiyopatana na nyingine.

Nizungumzie pia soko la vifaa vilivyotumika, maana wengi wetu hatuna uwezo wa kununua vipya. Mwaka 2021 kadi za michoro ziliadimika duniani, moja ya sababu ikiwa ni wachimbaji wa sarafu za kidijitali waliozinunua kwa wingi. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliachana na uchimbaji wa aina hiyo, na kadi nyingi zikamwagwa sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, lakini huenda feni zake zimechakaa. Hatari kubwa zaidi ni kadi za kale zilizobadilishwa jina kwa ujanja wa programu ili zijitambulishe kama mpya. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huwatambua wengi wa walaghai hao. Basi, mnunuzi asitoe pesa kabla hajaiona kadi ikifanya kazi kwa nusu saa katika mchezo halisi, mbele ya macho yake. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu swali ambalo hujamwuliza.

Huenda msomaji akauliza: je, si afadhali kuiboresha mashine yoyote kuliko kukaa bila? Sikubaliani. Msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi huhitaji, kwa prosesa nyingi za Intel, kizazi cha nane kwenda mbele. Mwenye mashine ya kizazi cha nne ya mwaka 2013 akitumia maelfu ya shilingi kuinunulia kumbukumbu za DDR3, anazika fedha kaburini, kwa kuwa kumbukumbu hizo hazitahamia katika mashine nyingine ya kisasa. Lakini diski ya SSD na kadi ya michoro zinaweza kuhama naye. Kanuni yangu ni hii: katika mashine inayozeeka, nunua tu kile kitakachokufuata utakapoiacha. Kanuni hii imekuwa na uzito zaidi tangu mwishoni mwa mwaka 2025, pale bei za kumbukumbu zilipopanda kwa kasi duniani, baada ya kampuni chache zinazozitengeneza kuelekeza nguvu kwenye mitambo ya akili mnemba.

Tena kuna chaguo ambalo halimo katika orodha yoyote ya dukani, nalo ni kutonunua. Kupunguza vivuli na umbali wa mandhari katika mipangilio ya mchezo hakumgharimu mtu kitu. Kufuta vumbi lililoziba feni, na kubadilisha gundi ya joto iliyokauka juu ya prosesa, kumezifufua mashine ambazo wenyewe walikuwa wamezikatia tamaa. Kijana anayepata picha 60 kwa sekunde kwenye skrini inayoonyesha picha 60 tu hana sababu ya kutafuta 140. Nyingine zote hazitaonekana. Atakuwa amenunua namba ya kujisifia mbele ya rafiki zake, na sifa hulipiwa na mzazi.

Wazazi nao nawaomba wasifunge mlango moja kwa moja. Kadi inayochora uwanja wa mpira ndiyo inayoharakisha uhariri wa video na uchoraji wa maumbo katika programu ya Blender, ambayo haina malipo. Mtoto anapoomba kadi, mzazi na amwambie: niletee kwanza matokeo ya jaribio lako, niambie kiungo kipi ni dhaifu, nionyeshe wati zimejumlishwa vipi, na unieleze kitakachohamia mashine ijayo. Akileta karatasi hiyo, huenda hata bei itakuwa imeshuka, maana mara nyingi hesabu humrudisha mtu kwenye kifaa kidogo kuliko alichokitamani. Asipoweza kuileta, basi bado hajawa tayari kununua, na mzazi hana haja ya kugombana naye.

Kwenu walimu wenzangu, ombi langu ni dogo. Katika shule nyingi kuna kompyuta mbovu zilizorundikwa stoo zikila vumbi. Tuitoe moja, tuikate na umeme kabisa, tuifungue mbele ya darasa. Mwalimu wa fizikia afundishe wati na joto. Mwalimu wa hisabati afundishe kugawanya milisekunde. Mwalimu wa Kiswahili awaulize wanafunzi kila kiungo wanakiitaje, na kama jina lipo, walitumie bila haya. Chama cha kompyuta ambacho wanachama wake wamewahi kuipima mashine na kuitetea orodha yao ya vifaa mbele ya wenzao hakitazaa wachezaji tu. Kitazaa wanunuzi wasiodanganyika, na pengine mafundi.

Taifa letu linanunua karibu kila chombo cha teknolojia kutoka nje. Wauzaji hawatuogopi kwa wingi wa fedha zetu, kwa kuwa si nyingi; wataanza kutuheshimu siku tutakapojua tunachokinunua. Kijana anayejifunza leo kusema "hiki hakinifai, na sababu ni hizi" mbele ya kadi ya michoro, ataweza kusema hivyo kesho mbele ya mtambo wa hospitali au wa kiwanda. Akili ni mali, na mali hii haiuzwi katika sanduku lenye picha ya joka.